Watoto Wasiohesabiwa: Uhakiki wa Matumizi ya Ushahidi katika Uamuzi wa Walimu Wakuu

Katika mijadala ya sera ya elimu Afrika Mashariki, mwalimu mkuu anayetumia takwimu aghalabu huchukuliwa kuwa ndiye mwalimu mkuu bora. Dhana hiyo inastahili kuhojiwa, na mfano wa Tanzania unatosha kuihoji.

Mwaka 2013 serikali ilianzisha mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Miongoni mwa hatua zake ilikuwa kuzipanga shule za msingi kitaifa na kiwilaya kwa matokeo ya mtihani wa darasa la saba, na kuziweka nafasi hizo hadharani. Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, walionyesha mambo mawili yasiyopaswa kutenganishwa. Shule zilizokuwa katika asilimia 20 ya chini wilayani mwao zilipandisha ufaulu. Papo hapo, shule zilijibu shinikizo hilo kwa kuwaengua baadhi ya wanafunzi katika darasa la mwisho.

Ni rahisi kulisoma jambo la pili kama hila za walimu tu. Usomaji huo ni mwepesi mno, kwa kuwa unaiacha hesabu yenyewe bila kuguswa. Chukuliwe shule ya kubuni yenye wanafunzi 60. Wote wakifanya mtihani na 30 wakafaulu, ufaulu ni asilimia 50. Wanafunzi 20 walio dhaifu wakizuiwa, 30 wale wale huipa shule asilimia 75. Hakuna aliyefundishwa zaidi. Mwalimu mkuu huyo ameusoma kwa usahihi ushahidi aliopewa. Kasoro imo katika idadi ambayo asilimia hukokotolewa juu yake. Kumpeleka kwenye mafunzo ya kusoma majedwali (dawa inayopendwa sana na wafadhili) kutamwongezea ustadi katika kosa lile lile.

Ushahidi mwingine anao ofisini: kitabu cha uandikishaji, daftari la mahudhurio, matokeo ya upimaji wa darasa la nne. Vikiwekwa pamoja, humwonyesha nani alipotea, na katika darasa lipi. Ila haviipandishi shule nafasi. Upimaji wa Uwezo, ulioanza mwaka 2009 nchini Kenya, Tanzania na Uganda, humfuata mtoto nyumbani, hivyo huwahesabu hata walioacha shule. Lakini huchora picha ya wilaya, wala haumwambii mwalimu mkuu lolote kuhusu shule yake.

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na watahiniwa bora. Hatua hiyo ni ya maana, lakini kunyamazia orodha si kubadili hesabu. Ofisi ya wilaya inayomdai mwalimu mkuu asilimia ya waliofaulu miongoni mwa waliofanya mtihani ingali inamfundisha somo la zamani. Ianze kwa kumwuliza walioandikishwa darasa la nne walikuwa wangapi, na leo wako wapi.