Nani Anaandika Hesabu za Mtera?

Chukua maandishi matatu ya muuza samaki wa Mtera uyaweke mezani pamoja: ukurasa wa daftari lake la madeni, menyu ya M-Pesa inayofunguka akibonyeza *150*00#, na ujumbe unaoingia kwenye simu yake mteja akishalipa. Yote matatu yanasimulia tukio moja, kwamba samaki wameuzwa na kuna fedha ya kupokewa. Ila ukiyasoma kwa jicho la fani, kama tunavyosoma shairi au hadithi, ukauliza nani anasema, anamwambia nani na anatumia wakati gani, utakuta mwenye biashara anahama nafasi. Katika daftari yeye ni mwandishi. Katika menyu anachagua tu kati ya vilivyokwisha kuandikwa. Ujumbe ukiingia, amekuwa msomaji wa habari za biashara yake mwenyewe.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu programu za kukodi, zile zinazokaa kwenye kompyuta za mbali na kulipiwa kadiri zinavyotumika, huishia kwenye maudhui: gharama nafuu, hesabu safi, mkopo wa haraka. Fani hatuisomi. Nayo ndiyo inayoamua nini kinaweza kusemwa na nini hakina pa kuandikwa.

Mtera ilikuwa bwawa kabla ya kuwa soko. Mto Ruaha Mkuu ulizibwa hapo mpakani mwa Dodoma na Iringa miaka ya 1970 ili kuhifadhi maji ya mitambo ya umeme ya Kidatu kule chini. Mitambo ya Mtera yenyewe, yenye uwezo wa megawati 80, ilianza kazi mwaka 1988. Uvuvi ulifuata maji. Kwa hiyo biashara ya perege na kambale inakwenda kwa mwendo wa bwawa, ambalo kina chake hupanda hadi mita 698.5 juu ya usawa wa bahari na halipaswi kushushwa chini ya mita 690. Maji yakishuka ukingo unasogea mbali na njia, na kalenda ya mwenye samaki haifanani na ya mwenye duka la vifaa Dodoma mjini. Jambo hili tutalirudia kwenye malipo ya mwezi.

Sasa tusome daftari. Ukurasa wa kawaida, kwa mfano wa kutunga, ungekuwa hivi: “Shemeji Migoli, mafungu 3, 15, bado 5. Dereva fuso nyekundu, kambale 2, kesho akirudi. Mama mapacha, perege wakubwa, Ijumaa.” Hakuna kitenzi kinachotangaza kwamba jambo limekamilika. Sifuri tatu za elfu zimeachwa, kwa kuwa mwandishi na msomaji ni mtu mmoja naye anajua kuwa 15 ni elfu kumi na tano. Majina si ya kitambulisho cha taifa, ni ya uhusiano: shemeji, dereva, mama wa fulani. Kila jina limebeba sababu ya mtu huyo kukopeshwa. Dereva amekopeshwa kwa kuwa barabara lazima itamrudisha, na shemeji kwa kuwa ni shemeji.

Angalia pia namna deni linavyofutwa. Mwandishi hupitisha mstari wa kalamu juu ya maneno, na maneno yanaendelea kusomeka chini ya mstari. Ukurasa uliojaa mistari ya kufuta ni ukurasa wa sifa njema, kumbukumbu ya watu waliorudi kulipa. Anayelipa kidogokidogo ana mistari miwili mitatu midogo pembeni, kila mmoja na tarehe yake. Mtu akija asubuhi na kusema, “Shikamoo mama, ile ya Ijumaa nimeleta nusu,” naye akajibiwa, “Marahaba mwanangu, nusu nyingine lini?”, mazungumzo hayo yote yanaingia katika nafasi ya kidole kimoja. Fani ya daftari imejengwa juu ya jambo ambalo halijakwisha, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Udhaifu wake tunaujua sote: mvua, panya, mwandiko usiosomeka, na mdaiwa anayekana kwa kuwa ushahidi umeandikwa na upande mmoja peke yake.

Menyu ni utanzu mwingine kabisa. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaingia Tanzania mwaka uliofuata, na ingawa hatuna mazoea ya kuiita hivyo, menyu yake ni programu ya mbali kwa maana kamili. Kwenye kitochi cha muuza samaki hakisakinishwi chochote. Anapobonyeza namba ile, kompyuta iliyo mbali inafungua kikao, inamwandikia ukurasa, inasubiri jibu, na kikao kikifungwa ukurasa unapotea. Ukurasa mmoja hauzidi herufi 182, pamoja na nafasi. Haiombi intaneti wala simu ya gharama. Mimi huiona kazi bora ya ufupi, na waliotunga mistari yake kwa Kiswahili kinachoeleweka hadi vijijini Fufu na Chipogoro walifanya kazi ya uandishi ambayo haijapata mhakiki.

Muundo wake ni wa tamthilia ya watu wawili, ila mhusika mmoja hana maneno. Mashine inasema: tuma pesa, toa pesa, ingiza namba, ingiza kiasi, ingiza namba ya siri. Vitenzi vyote ni vya kuamuru. Mwenye biashara anajibu kwa tarakimu tu. Hawezi kuandika “nusu leo, nusu Ijumaa”. Hawezi hata kusitasita, maana akichelewa kikao kinakatika na anaanza upya. Mwaka 2018 vijana wa Kitanzania wa kampuni ya NALA walitoa programu ya simu iliyozipitia menyu hizi kwa niaba ya mtumiaji, bila kuhitaji intaneti, ikampa sura nzuri zaidi ya kubonyeza. Ilikuwa kazi ya akili sana. Hata hivyo sura ilikuwa mpya juu ya sarufi ileile: chini yake swali lilibaki la kuamuru na jibu likabaki tarakimu.

Tuje kwenye ujumbe, maandishi yanayosomwa kuliko yote katika biashara za nchi hii. Urefu wa ujumbe mmoja wa simu, herufi 160, unatokana na kazi ya Mjerumani Friedhelm Hillebrand, ambaye katikati ya miaka ya 1980 alichapa sentensi za kawaida, akahesabu herufi zake, akaona kiasi hicho kinatosha kusema jambo. Ujumbe wa muamala hutofautiana kidogo mtandao kwa mtandao, lakini mfuatano wake unajulikana: namba ya muamala, neno la kuthibitisha, kiasi, jina la aliyetuma, tarehe na saa, kisha salio. Wakati wake ni timilifu: imethibitishwa, umepokea. Hakuna nafasi ya kinachoendelea.

Hii ni neema kwa mtu anayenunua samaki alfajiri ukingoni. Anamtumia mvuvi fedha, na papo hapo maandishi mawili yanazaliwa, moja kwake na moja kwa mvuvi, yenye namba moja na kiasi kimoja. Hakuna anayeweza kuyakana. Daftari halijawahi kutoa ushahidi wa namna hiyo, na yeyote anayelilia daftari bila kulitambua hili hajawatendea haki wanawake wanaosafiri na fedha za mtaji kwenye njia hizi.

Lakini tazama mwisho wa ujumbe. Kila hadithi, iwe ya kupokea au ya kulipa, humalizikia kwenye salio. Mwenye samaki akitaka kumwonyesha dalali kwamba amelipa, anamgeuzia simu, na papo hapo dalali anasoma ushahidi aliotakiwa kuusoma pamoja na siri asiyotakiwa kuijua: muuzaji amebakiwa na kiasi gani. Bei ya fungu linalofuata inapangwa na mtu ambaye sasa anajua. Ndiyo sababu utaona wengi wakifunika mstari wa mwisho kwa kidole gumba wanapoonyesha. Kidole kile kinasahihisha muundo, kwa kuwa aliyetunga ujumbe aliweka jambo la hadharani na jambo la faragha katika aya moja, kana kwamba msomaji atakuwa mmoja siku zote.

Kwa kweli wasomaji ni zaidi ya wawili. Huduma ya M-Pawa ilipoanza mwaka 2014, ikiunganisha Vodacom na benki ya CBA, mkopo wake uliangalia historia ya mtumiaji kwenye simu. Msomaji wa tatu, ambaye hajawahi kupita Mtera, alianza kusoma miamala yote kwa mfululizo na kuamua nani anaaminika. Husoma vizuri kile kilichoandikwa kwake. Ila mteja wa miaka mingi anayelipa kwa noti, na mama mapacha ambaye Ijumaa yake haijawahi kupita, hawamo katika matini anayoisoma. Uaminifu ambao daftari limeuandika kwa mistari ya kufuta haumfikii. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeweka mipaka juu ya nani ashike taarifa za mtu na kwa sababu gani. Kuhusu taarifa zisizopata pa kuandikwa, sheria haina la kufanya.

Wanaoielewa tofauti hii ya daftari na ujumbe kwa undani wa kutisha ni matapeli. Ule ujumbe maarufu, “Ile pesa tuma kwenye namba hii”, hauigi ujumbe rasmi hata kidogo. Umeandikwa kwa lugha ya daftari. “Ile” inadai kwamba sisi wawili tuna jambo letu ambalo halijakwisha. Haitaji jina, haitaji kiasi, kwa kuwa watu wenye uhusiano hawavitaji. Kati ya maelfu wanaoupokea, yuko aliyekuwa kweli anasubiri namba ya kutumia fedha, naye anatuma. Mwizi alitambua kwamba mifumo rasmi imeacha lugha ya deni na ahadi bila mlinzi, akaingia kupitia hapo.

Stakabadhi ya mashine ya kielektroniki ya kodi, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2010 na sasa ina ndugu yake wa programu tupu asiye na mashine, sitaikalia sana. Inatosha kusema kwamba mstari wake wa kwanza na wa mwisho, unaotangaza mwanzo na mwisho wa stakabadhi halali, umeandikwa kwa Kiingereza, na vivyo hivyo vichwa vya kodi na jumla, katika nchi ambayo menyu za simu zilithibitisha kuwa Kiswahili kinatosha. Mashine hufunga hesabu kila siku na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. Msomaji anayekusudiwa hajifichi, na muuzaji anaijua nafasi yake.

Linalonishughulisha zaidi ni kizazi kipya cha programu za mauzo, zile za kulipia kila mwezi, zinazouzwa kwa wenye maduka kama mbadala wa daftari. Ukurasa wake wa kwanza huomba jina la bidhaa, kipimo, bei na idadi iliyopo. Kwa duka la sukari na sabuni, fomu hiyo inakaa vizuri. Kwa samaki wa Mtera inagoma kila kisanduku. Kipimo ni fungu, na fungu la saa mbili asubuhi si fungu la saa kumi jioni. Bei inategemea basi limesimama au limepita, na barafu imebaki kiasi gani. Idadi iliyopo inabadilika kwa sababu ambayo programu haiitambui: wengine wamekaushwa kwa moshi, wamekuwa bidhaa nyingine bila kununuliwa wala kuuzwa. Mtumiaji analazimika ama kuudanganya mfumo ili umruhusu kuendelea, ama kuacha. Wengi huacha, na anayefundisha semina ya ujasiriamali huandika kwamba hawana mwamko.

Malipo ya mwezi nayo ni suala la muundo. Kampuni za simu zilijifunza mapema kuuza kifurushi cha siku, cha wiki na cha mwezi, na mnunuzi huchagua kulingana na mfuko wake. Mita ya LUKU nayo humwacha mtu anunue umeme wa kiasi alichonacho, akapewa tarakimu 20, na mita hukubali akizibonyeza bila kumuuliza amekuwa wapi muda wote huo. Programu ya biashara inayodai ada mwezi ambao maji yamekimbia ukingo na samaki ni haba, na inayofunga kumbukumbu zote ada isipolipwa, imebuniwa kwa mshahara. Daftari lisilofunguliwa miezi miwili linakusubiri na madeni yako yote.

Hata LUKU ina somo lake chungu. Mei 2021 mfumo wa kununulia umeme ulipokwama kwa siku kadhaa, watu walikaa gizani wakiwa na fedha mkononi, kwa sababu sehemu moja ya mbali ilikuwa haijibu. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya ukanda huu wote ilizorota. Kwa mwenye duka aliyehamishia madeni yote kwenye programu isiyofunguka bila mtandao, siku kama hizo hazina wakati timilifu wala usio timilifu. Ukurasa haupo tu.

Ningependa watunzi wa programu hizi, na wengi wao ni vijana wetu wa Dar es Salaam na Dodoma, waende na daftari moja halisi la madeni, kwa ruhusa ya mwenyewe, wakalisome mstari kwa mstari kabla ya kuchora ukurasa wa kwanza. Watakuta kitu ambacho sijakitaja bado: miandiko zaidi ya mmoja. Asubuhi anaandika mama, mchana binti aliyetoka shule, siku ya gulio anaandika mdogo wake mama. Kila mmoja anatambulika kwa umbo la herufi zake, na likizuka swali huulizwa aliyeandika. Laini ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole za mtu mmoja, sharti ambalo tangu Januari 2020 asiyelitimiza amefungiwa, na namba ya siri ni ya huyohuyo mmoja. Menyu inasema na “wewe” mmoja. Mama akienda Iringa kumuuguza mzazi, binti anabaki na samaki, wateja na kalamu, na simu yenye biashara yote imo ndani ya mkoba wa mama.