Faili Lisilo na Jina, Mlima Unaojulikana

Amri ya `file`, iliyokuwamo kwenye Unix tangu 1973, haijali jina la faili. Husoma baiti zake za mwanzo. PDF huanza na %PDF, picha ya JPEG na FF D8 FF, na hati ya docx huanza na PK kwa kuwa kwa ndani ni ZIP. Kwa mafaili mengi yanayoletwa kwenye flashi Moshi mjini, kazi huishia hapo.

Kazi halisi huanza pale `file` inapojibu neno moja tu: data. Wengi hulifuta faili la namna hiyo, na huo ni upotevu. Tuseme `ls -l` inaonyesha baiti 2,884,802. Gawanya kwa 2, unapata 1,442,401, yaani 1,201 mara 1,201. Mraba kamili wa namna hii ni nadra kutokea kwa bahati. Huo ndio ukubwa wa faili la HGT, lenye vipimo vya mwinuko wa ardhi vilivyochukuliwa kwa rada kutoka chombo cha anga Endeavour, Februari 2000. Kila kipimo kina baiti mbili, na kati ya kipimo na kipimo kuna sekunde 3 za nyuzi. Ndani hamna alama yoyote ya utambulisho. Mahali palipopimwa huandikwa kwenye jina peke yake, nalo ndilo limepotea.

Basi ushahidi utoke mlimani. Ikiwa hiki ni kipande cha S04E037, chenye Moshi na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kinaanzia kona ya latitudo 3 kusini na longitudo 37 mashariki. Kutoka hapo, kilele cha Uhuru kiko dakika 4 na sekunde 33 kusini, yaani hatua 91, na dakika 21 na sekunde 12 mashariki, yaani hatua 424. Zidisha 91 kwa 1,201, ongeza 424, kisha zidisha kwa 2: baiti ya 219,430.

`od -A d -j 219430 -N 2 -t d2 --endian=big faili`

Usiache `--endian=big`. HGT hutanguliza baiti kubwa, ilhali kompyuta zetu nyingi husoma kinyume, na 5,895, urefu wa Uhuru kwa mita, ingegeuka 1,815. Jibu likikaribia 5,895, pima na Moshi mjini, ambako namba ziwe za mamia. Pungufu ya mita kadhaa kileleni haina neno, kwa sababu vipimo vimeachana kama mita 90. Kwa sababu hiyohiyo, anayechimba mfongo, yaani mfereji wa maji, huko Kibosho atumie faili hili kukadiria njia tu. Mteremko wenyewe aupime ardhini.