Fedha Zilizokuja Katikati ya Utafiti: Umaskini na Afya ya Akili ya Watoto wa Milima ya Great Smoky

Katika taaluma ya afya ya akili ya umma, yaani tawi linalochunguza jinsi maradhi ya akili yanavyosambaa katika jamii nzima badala ya kumwangalia mgonjwa mmoja mmoja, ni jambo lililokwisha kuthibitishwa mara nyingi kwamba maskini huugua zaidi. Mzozo umebaki juu ya kipi hutangulia kingine. Tangu Faris na Dunham walipochapisha mwaka 1939 uchunguzi wao wa wagonjwa wa skizofrenia katika mitaa ya Chicago, wataalamu wamegawanyika kati ya hoja ya usababishi, inayodai kuwa dhiki ndiyo huzaa maradhi, na hoja ya mteremko, inayodai kuwa anayeugua hupoteza kazi na kipato hadi akajikuta miongoni mwa mafukara. Takwimu zilizokusanywa mara moja tu haziwezi kuamua baina ya hoja hizo, kwa kuwa zote mbili hutabiri picha ileile, na hakuna mtafiti anayeweza kuruhusiwa kuwatumbukiza watu katika umaskini ili aone nani ataugua.

Utafiti wa Milima ya Great Smoky, ulioanza mwaka 1993 katika wilaya 11 za magharibi mwa North Carolina, Marekani, ukiongozwa na Jane Costello na Adrian Angold wa Chuo Kikuu cha Duke, haukubuniwa kuamua mzozo huo. Ulikusudiwa kujua ni watoto wangapi wa vijijini wana matatizo ya akili na ni wangapi hupata huduma. Watoto 1,420 wenye umri wa miaka 9 hadi 13 waliingizwa kwa njia ya mchujo: wazazi wa sampuli kubwa ya nasibu walijibu hojaji fupi kuhusu tabia ya mtoto, wenye alama za juu wakachukuliwa wote, na kati ya waliosalia akachukuliwa takriban mmoja katika kila kumi. Mchujo wa aina hiyo hujaza sampuli kwa watoto wenye matatizo kuliko ilivyo mitaani, kwa hiyo katika hesabu kila mtoto hupewa uzani, yaani kiwango cha uwakilishi wake, ili jamii irudi katika sura yake halisi. Watoto wa kabila la Cherokee walialikwa bila mchujo, na wakawa robo ya sampuli.

Kila mwaka mtoto na mzazi walisailiwa kila mmoja peke yake kuhusu miezi mitatu iliyotangulia tu, kwa kuwa kumbukumbu ya mtoto haiendi mbali. Jibu la ndiyo au hapana halikutosha: msaili aliendelea kudadisi ugomvi ulizuka mara ngapi, na nani, na uliishaje, hadi aweze kuamua mwenyewe kama hiyo ilikuwa dalili au utundu wa kawaida. Dalili ilihesabiwa ikitajwa na mmoja wao, jambo la busara, kwani mzazi huona ukaidi ambao mtoto haukiri, naye mtoto hujua wasiwasi ambao mzazi hauoni.

Katikati ya kazi hiyo kasino ilifunguliwa katika ardhi ya Wacherokee, na sehemu ya faida ikaanza kugawiwa sawa kwa kila mwanakabila kila baada ya miezi sita. Fungu la watoto liliwekwa amana hadi wakue. Kwa kuwa malipo hayakutegemea bidii, elimu wala afya ya mpokeaji, hoja ya mteremko ilikosa mahali pa kushika. Hili ndilo huitwa jaribio asilia, ambamo matukio yenyewe hugawa watu katika makundi ambayo mtafiti asingeweza kuyaunda.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba 14% ya familia zilizochanganuliwa zilivuka mstari wa umaskini, 53% zilibaki chini yake na 32% hazikuwahi kuwa maskini. Kabla ya kasino, watoto ambao familia zao zingekuja kuvuka walikuwa na wastani wa dalili 4.28, karibu sawa na 4.38 za waliobaki katika umaskini na mbali na 2.75 za wasiokuwa maskini. Baada ya malipo walishuka hadi kiwango cha wasiokuwa maskini. Hata hivyo, kilichopungua ni ukaidi na utovu wa nidhamu, si sonona wala wasiwasi, na takriban robo tatu ya badiliko hilo ilielezwa na jambo moja, yaani mzazi kupata nafasi zaidi ya kumsimamia mtoto.

Hapa uchanganuzi unahitaji tahadhari ambayo wanaoutaja utafiti huu majukwaani huiruka. Fedha ziligawiwa sawa, lakini kuvuka mstari hakukuwa sawa, kwa sababu kulitegemea ukubwa wa kaya na kipato kilichokuwapo tayari. Hivyo uteuzi uliofukuzwa mlangoni umerudi kwa kiasi kupitia dirishani. Aidha, kasino ilileta ajira pamoja na malipo, na ni vigumu kutenganisha athari za viwili hivyo. Linalopunguza shaka ni kwamba watoto wasio Wacherokee ambao familia zao ziliondoka katika umaskini kipindi hichohicho walionyesha mwelekeo uleule.

Njia iliyo safi zaidi kitakwimu ilitumika Rarieda, magharibi mwa Kenya, ambako Haushofer na Shapiro walichunguza fedha zilizotumwa kwa M-Pesa kwa kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu: wapokeaji waliripoti ustawi bora wa nafsi, ingawa kotisoli, homoni ya msongo inayopimwa katika mate, haikubadilika kwa ujumla. Lakini kura ya Rarieda haikuwa na kile ambacho Great Smoky ilikuwa nacho, yaani miaka kadhaa ya vipimo vya watoto walewale kabla ya fedha kufika. Kwa ushahidi huo, dai kwamba umaskini huchochea utovu wa nidhamu wa watoto limesimama imara. Dai kwamba fedha huponya sonona ya watoto haliwezi kujengwa juu ya utafiti huu.