Ngazi Nne za Wivenhoe

Mwongozo wa kuendesha Bwawa la Wivenhoe wakati wa mafuriko, ule uliotumika Januari 2011 kwenye mto unaopita Brisbane, Australia, unaonekana kwa haraka kama programu ya kompyuta: maji yakifika hapa, fungua hivi. Mtu angedhani milango mitano ya chuma ya bwawa ingekabidhiwa mashine bila kubadili sentensi hata moja. Umbo la matini linakataa.

Maelekezo yana ngazi nne, W1 hadi W4. Ya kwanza imekatwa vipande vitano, W1A mpaka W1E, na humo madaraja yanayoweza kuzama upande wa chini wa bwawa yanatajwa kwa majina. Mwandishi hapa ni karani mwangalifu. Panda hadi W3, ambako kinacholindwa ni nyumba za mjini, vile vipande vinatoweka. Unabaki ukomo wa mita za ujazo 4,000 kwa sekunde na wito wa kupima mambo. Yaani matini imebana zaidi pale hasara ilipo ndogo! Siuiti uzembe. Daraja huzama kwa kiasi cha maji kinachojulikana, ilhali mito ya Lockyer na Bremer huingia katika mto huo chini ya bwawa, na maji yake hayapiti kwenye lango lolote la Wivenhoe.

Kisha kuna sharti la kupanda ngazi, nalo linaangalia kiwango ambacho ziwa linatarajiwa kufika. Mashine itasoma kina cha sasa bila kukosea, lakini ni nani aamue mvua ipi ya utabiri iaminiwe? Matini inaficha uamuzi huo ndani ya sentensi yenye sura ya amri. Ndiyo maana mwaka 2012 tume iliyochunguza mafuriko hayo ilirudi vikaoni kuuliza wahandisi walikuwa ngazi ipi, saa ngapi. Mahakama nazo zilitofautiana: hukumu ya 2019 iliona uzembe, rufaa ya 2021 ikaitengua kwa upande wa Seqwater, mwendeshaji wa bwawa.

W4 huanza mita 74, na lugha inanyooka: usalama wa bwawa kwanza. Mwaka 2011 maji yalikaribia mita 75. Kwenye 75.7 linasubiri tuta la udongo, lililokamilika 2005 na kujengwa makusudi lisombwe. Hilo halihitaji mhandisi wala umeme, na W4 imeandikwa ili, ikiwezekana, lisipate zamu yake.