Mwili wa Lawino na Jicho la Mtazamaji

Wahakiki wetu wamezoea kumsoma Lawino kama wakili wa mila. Fungua daftari lolote la semina utakuta yaleyale: mgongano wa tamaduni, Ocol kasuku wa Wazungu, basi, alama zinatolewa. Mimi nadai kwamba kabla ya kutetea mila Lawino anautetea mwili wake, na utetezi huo una ufa ambao hatuusemi.

Shairi la Okot p'Bitek lilitoka kwa Kiingereza mwaka 1966, naye Paul Sozigwa akatupatia Wimbo wa Lawino mwaka 1975. Hebu rudieni sehemu ya ngoma. Uwanja uko wazi, vifua wazi, shanga kiunoni, chale zinaonekana. Msichana anaonwa alivyo, tena anawajua wanaomwona. Kujiamini kwake kunatoka hapo.

Mwaka 2017 Keon West, mwanasaikolojia wa London, alichapisha utafiti kuhusu Waingereza wanaokusanyika wakiwa uchi kwa burudani. Aliona kwamba washiriki huridhika zaidi na miili yao na kujithamini zaidi. Siwashangai: ukishaona matumbo na makovu ya watu wa kawaida, picha za magazeti hazikutishi tena. Lakini tusimfanye Lawino mwenzao. Wale huvua kila kitu; shanga na chale za Lawino ni vazi, na wenziwe wanajua kulisoma.

Kwangu jambo hili si la vitabuni tu, maana nimezaliwa Jorodom, chini ya Mlima Hanang. Mama wa Kibarabaig aliyeolewa, mwenye sketi yake ya ngozi na chale kuzunguka macho, amevaa, tena kavaa kwa heshima. Lakini kaeleze hivyo mwaka 1967 au 1968, wakati mkoa wa Arusha, ambao Mbulu ilikuwa ndani yake, ulipoendesha kampeni ya kuwalazimisha Wamaasai kuvaa mavazi ya kisasa! Mwaka huohuo wa 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, kupiga vita sketi fupi, wigi na suruali za kubana mjini. Porini ngozi ni uchi, Dar es Salaam mini ni uchi, na mwenye mwili haulizwi kote kuwili. Shule niliyosoma, binti mwenye chale aliitwa majina mpaka akawa anashusha kitambaa hadi kwenye nyusi, na joto lile.

Sasa ule ufa. Lawino akimgeukia Tina, mpenzi wa Ocol, anamcheka kwa poda na midomo myekundu, hilo tunalielewa. Kisha anamcheka kwa kukonda, kwa matiti yaliyosinyaa, kwa pamba ndani ya sidiria. Huyu aliyekataa mumewe audharau mwili wake anaugeuza mwili wa mwanamke mwenzake jalala. Mtasema ni fani, kwamba nyimbo za Kiacholi zina kejeli kali. Sawa, lakini fani ndiyo iliyobeba maudhui hapa, nasi darasani tunacheka pamoja naye bila kujiuliza tunamcheka nani. Ocol alijibu kwa kitabu kizima mwaka 1970. Tina hakupewa hata ubeti mmoja.