Muhogo mchungu na wadudu wake

Jani la muhogo likiwa zima, sianidi haimo. Hutengenezwa papo hapo, mdudu anapolitafuna. Ukielewa inavyotengenezwa, utaelewa pia kwa nini mkulima wa Pundanhar, huko magharibi mwa Palma mkoani Cabo Delgado, anaweza kupanda muhogo mchungu kando ya msitu akavuna, na kwa nini shamba hilo hilo linaweza kuharibiwa na kidudu kidogo kuliko punje ya mtama.

Ndani ya seli ya muhogo kuna kifuko cha maji. Humo mmea huhifadhi linamarini, yaani glukosi iliyofungwa pamoja na kipande chenye sianidi. Ikikaa hivyo haiudhuru mmea. Kimeng'enya kinachoweza kuifungua, linamarasi, kiko nje, kwenye ukuta wa seli. Maadamu seli haijapasuka, viwili hivi havikutani. Panzi akitafuna, kifuko hupasuka, linamarini humwagikia kimeng'enya, glukosi hubanduka, na kinachobaki huvunjika kuwa asetoni na sianidi. Majani yana kimeng'enya cha pili kinachoharakisha hatua hiyo ya mwisho. Mizizi karibu haina, ndiyo maana jani hutoa sumu upesi zaidi. Sianidi huzuia seli za mlaji kutumia oksijeni: mdudu anakosa pumzi huku hewa imemzunguka.

Upesi huo ndio jambo ambalo naona halijapewa uzito wake. Utafiti uliofanywa miaka ya 1970 kwa panzi wa rangirangi wa Afrika Magharibi, ndugu wa hawa wanaovamia mihogo yetu, ulionyesha kwamba watoto wa panzi waliliacha jani bichi lililojaa maji, lakini lililonyauka walilila. Kinachomfukuza panzi ni kasi ya sumu kutoka pale anapoonja. Mmea uliodhoofika hutetereka katika kasi hiyo.

Anayetwanga kisamvu kinuni anaifanya kazi ya panzi kwa ukamilifu zaidi: anapasua seli zote kabla ya kula. Sianidi huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi, kwa hiyo joto la pwani lenyewe husaidia kuipeperusha, na moto humalizia. Mzizi ni shida zaidi. Makopa yakianikwa yakakauka haraka, maji huisha kabla kimeng'enya hakijamaliza kazi, na linamarini nyingi hubaki kwenye unga. Msumbiji imelipia jambo hili kwa miguu ya watoto na wanawake wake. Ukame wa 1981 ulileta konzo, kupooza kwa ghafla kusikopona, kwa zaidi ya watu 1,000 katika mkoa wa Nampula, Memba ikiwemo. Mwaka 1992 na 1993 ugonjwa ulirudi Mogincual, mkoa huo huo, safari hii kwa sababu ya vita, maana mtu anayekimbia hana siku za kuloweka wala kuvundika. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado nayo iko vitani, na muhogo mchungu ndio chakula kinachoweza kungoja ardhini mwenyewe akiwa hayupo. Kwa hiyo njia aliyoieneza Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia ingepaswa kujulikana katika kila kambi ya wakimbizi: lowanisha unga, utandaze usizidi unene wa sentimeta moja, uache saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha songa ugali siku hiyo hiyo.

Turudi kwa wadudu. Kidung'ata hatafuni. Ana mrija mwembamba kama sindano, anaupenyeza baina ya seli hadi kwenye mishipa inayosafirisha sukari, na njiani hapasui seli nyingi. Linamarini anayoinywa inampitia tu. Imekutwa katika majimaji matamu anayoyatoa. Alipoingia Kongo kutoka Amerika ya Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1970, ukali wa muhogo mchungu haukumzuia, akasambaa nchi baada ya nchi.

Mwaka 1981 alipatikana Paraguay pamoja na adui wake, nyigu mdogo aitwaye Anagyrus lopezi, na mwaka huo huo kikosi cha Hans Herren wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, kikaanza kumwachia nyigu huyo Nigeria. Jike hutaga yai ndani ya kidung'ata, na buu humla kutoka ndani. Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995, na aliistahili. Lakini habari hii husimuliwa kana kwamba muhogo ulikaa tu ukisubiri kuokolewa. Majaribio yaliyochapishwa 1987 yalionyesha kwamba nyigu huvutwa na harufu ya muhogo ulioshambuliwa, na harufu hiyo hutoka zaidi kwenye mmea wenyewe kuliko kwa mdudu. Mmea ulioshindwa kumwua mnyonyaji ulikuwa na uwezo wa kumwita mwuaji wake, ila kabla ya 1981 hapakuwa na wa kuitika barani Afrika. Nusu ya ushindi ule naihesabu kuwa ya muhogo.

Kwa inzi mweupe, kinga zote mbili, sumu na harufu, hazitoshi. Naye ananyonya bila kupasua, na hatari yake kubwa ni virusi. Virusi vya michirizi ya kahawia, ugonjwa ambao mtafiti H. H. Storey aliueleza 1936 akiwa Amani, Tanganyika, na ambao umeota mizizi katika pwani ya kaskazini ya Msumbiji, huingia mmeani baada ya muda mfupi wa kunyonya. Adui wa inzi akifika, madhara yameshafanyika. Inzi havipeleki mbali, kwa kuwa havidumu mwilini mwake. Anayevisafirisha kutoka wilaya hadi wilaya ni binadamu, kwa vijiti vya mbegu. Na shina linaweza kuonekana zima huku mzizi umeoza kwa mabaka makavu ya kahawia. Ndiyo maana kabla ya kukata vijiti vya kupanda, mkulima anapaswa kuung'oa muhogo anaoutaka, akate mizizi yake kadhaa na kuitazama ndani. Ukiwa na doa, vijiti vyake vichomwe.