Mnyororo wa Kanali Light: Jinsi Mji wa Adelaide Ulivyopimwa

Mtu anunuapo kiwanja, jambo la kwanza atakalo kuonyeshwa si udongo wake wala mwembe uliomo, bali ni jiwe la mpaka. Na akishalikanyaga jiwe hilo moyo wake hutulia, kwani ajua kuwa ugomvi wowote utakaozuka baina yake na jirani, uwe wa leo au wa zamani za wajukuu, utarejeshwa hapo. Jiwe hilo dogo hubeba dhamana kubwa kuliko ukuta, ilhali ni wachache waulizao lilifikaje pale, na ni nani aliyehakikisha kuwa halikukosewa. Kwa ajili ya swali hilo nataka kuueleza mji wa Adelaide, kusini mwa Australia, ambao ni miongoni mwa miji ya kikoloni iliyopimwa kwanza ndipo ikajengwa.

Koloni la Australia Kusini liliasisiwa kwa sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1834, na shauri lake lilikuwa kwamba ardhi iuzwe kwa bei iliyokatwa, kisha fedha zitumike kuwalipia nauli vibarua wa kuja kuilima. Shauri hilo lilikuwa na ila moja kubwa: vibali 437 vya ardhi vilikwisha kuuzwa huko London, kila kibali kikimpa mwenyewe ekari moja ya mji pamoja na shamba nje ya mji, kabla mpimaji hajaiona ardhi yenyewe. Kanali William Light, aliyepewa kazi ya upimaji mkuu, alikuwa mwanajeshi na baharia, ambaye kabla ya hapo alikuwa nahodha wa meli ya moshi katika jeshi la majini la Muhammad Ali Pasha wa Misri. Aliwasili mwezi wa Agosti 1836, na akawakuta baadhi ya wahamiaji wamekwisha kumtangulia, wamekaa ufuoni katika mahema, wakingoja waonyeshwe mali waliyoinunua.

Kazi yake ya kwanza haikuwa kupima bali kuchagua, na katika hilo alipambana na gavana, John Hindmarsh, aliyetaka mji uwe karibu zaidi na bandari. Light aliitazama pwani yote kwa jicho la mtu anayejua kuwa shehena yaweza kubebwa kwa gari maili chache kila siku bila ya madhara, lakini maji matamu hayawezi kukosekana hata siku moja. Basi akachagua uwanda ulioko baina ya Ghuba ya St Vincent na milima ya Mount Lofty, penye mto, penye miinuko isiyofikiwa na mafuriko, na chini ya vilima ambavyo aliviona vikiyakamata mawingu yatokayo baharini. Mkutano wa wenye ardhi uliofanyika tarehe 10 Februari 1837 ulimpa yeye haki, wala mji haukuhamishwa.

Wakati huo mnyororo ulikuwa umekwisha kuanza kutandazwa, tangu tarehe 11 Januari. Mnyororo wa mpimaji una urefu wa futi 66, nao umegawanywa katika pingili 100. Minyororo 80 hutimiza maili moja, na miraba kumi ya mnyororo hufanya ekari, hata hesabu ya eneo zima ikawa rahisi kwa kalamu na karatasi. Watu wawili huushika, mmoja mbele na mmoja nyuma, na wa mbele huchomeka kijiti kila unaponyooka, na wa nyuma hukiokota, ili mwishoni idadi ya vijiti iwe ndiyo shahidi wa idadi ya minyororo. Wakifika penye mteremko hawaulazi juu ya ardhi, kwani mteremko hurefusha njia pasipo kuongeza eneo; huunyanyua mpaka ukawa sawasawa, kisha hushusha timazi na kutia alama pale ncha yake inapogusa. Fauka ya hayo, chuma huchakaa: viungo vikilika na mnyororo ukazidi kwa pingili moja tu, basi katika kila maili mpimaji atakuwa amekosea pingili 80, yaani takriban futi 53, nao ni upana unaokaribia kumeza njia nzima. Ndiyo maana mpimaji mwaminifu huulinganisha mnyororo wake na kipimo cha asili mara kwa mara, hata kama hapana anayemwona.

Kufikia tarehe 10 Machi, mji ulikwisha kupimwa: viwanja 1,042 vya ekari moja moja, 700 kusini mwa mto na 342 kaskazini. Barabara zilitolewa kwa mnyororo uleule, nyembamba zikapewa mmoja, nyingine mmoja na nusu, na zilizo kuu minyororo miwili. Viwanja sita vya wazi viliachwa kwa ajili ya watu wote. Na pande zote za mji ukazungushwa mkanda wa ardhi ya umma isiyouzwa. Mwenye kuitazama ramani kwa haraka atadhani ni rula tu iliyotembea, lakini akikaza macho ataona kuwa mpaka wa mashariki umekwenda kwa ngazi, na sehemu ya kaskazini imevunjwa vipande vitatu vilivyogeukia pande mbalimbali, kwa sababu Light aliufuata mgongo wa ardhi na kulikwepa bonde. Hapo ndipo ufundi wake ulipo: alinyoosha palipokubali kunyooshwa.

Yalibaki mashamba, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Light alitaka kupima nchi kwa njia ya pembetatu, yaani kuupima mstari mmoja wa msingi kwa uangalifu mkubwa, kisha kuviunganisha vilele vya milima kwa darubini ya kupimia pembe, na kila pembetatu ijisahihishe yenyewe, kwani pembe zake tatu zisipotimia nyuzi 180 kosa hujulikana palepale. Wakuu wa London, waliochoshwa na malalamiko, walitaka mistari ivutwe upesi, mmoja ukifuata mwingine, njia ambayo kosa la shamba la kwanza hurithiwa na la pili, na la pili hulikabidhi kwa la tatu. George Kingston, naibu wake, alipotumwa Uingereza kuomba watu na vyombo, alirudi katikati ya mwaka 1838 na amri ya upimaji huo wa haraka. Light alijiuzulu, na karibu wasaidizi wake wote wakaondoka pamoja naye.

Watu walilaumu njia ya pembetatu, na mimi naona walikosea. Kilichochelewesha kazi ni uchache wa wapimaji, uhaba wa wanyama wa kukokota, na zaidi ya yote ni kuuza kabla ya kupima. Mashamba yalipokosekana, wahamiaji walisongamana mjini bila kulima. Na Gavana George Gawler, aliyekuja Oktoba 1838, aliongeza wapimaji na akawapa watu kazi kwa kujenga barabara, gereza na nyumba za serikali, mpaka hawala alizoandika zikakataliwa London, naye akaondolewa mwaka 1841.

Lakini kuna kosa ambalo darubini haikuweza kulionyesha. Uwanda ule ulikuwa na wenyewe, watu wa Kaurna, walioliita eneo hilo Tarndanya, na hati ya mfalme ya mwaka 1836 ilitamka kuwa haki zao katika ardhi waliyoikalia zisivunjwe. Hakuna hata ekari moja kati ya zile 1,042 iliyopimwa kwa jina lao. Mahakama iliitambua haki yao ya asili mwaka 2018 tu. Mnyororo waweza kuwa sahihi kwa kila pingili na bado ukapita juu ya dhuluma.

Koloni hilohilo, mwaka 1858, lilitunga kwa juhudi za Robert Torrens sheria ya kuandikisha milki katika daftari la serikali, na utaratibu huo ukasafiri hata ukaigwa katika sheria za hati za ardhi za Kenya. Daftari hilo, hata hivyo, halina thamani zaidi ya jiwe linalolitaja. Basi wewe utakaye kununua kiwanja, usitosheke na karatasi: nenda na mpimaji, lifukueni jiwe, na waulizeni wazee ni nani aliyekaa hapo kabla yake. Light alifariki tarehe 6 Oktoba 1839 kwa kifua kikuu, akazikwa katika kimojawapo cha viwanja vya wazi alivyovipima mwenyewe, na mipaka ya kiwanja hicho ingalipo.